Kupanga programu ya yoga kwa wenye maradhi ya moyo: pumzi kwanza, mikao baadaye

Katika darasa la yoga la watu wenye maradhi ya moyo, mikao migumu mwalimu huiogopa na huiacha mwenyewe. Hatari imejificha mahali pawili pasipotazamwa: pumzi iliyobanwa bila mtu kujua, na mwili ulioinuliwa haraka kutoka chini. Mtu akibana pumzi huku amekaza misuli, shinikizo ndani ya kifua hupanda na damu inayorudi moyoni hupungua. Akiachia, damu hurudi kwa mkupuo na presha hupaa. Moyo mzima hulivumilia hilo. Moyo uliochoka, au wenye mishipa iliyobana, huweza kujibu kwa maumivu ya kifua, mapigo kuvurugika au giza machoni. Kuinuka haraka nako huiacha damu miguuni, na mtu anayetumia dawa za presha, za kutoa maji mwilini au za kutanua mishipa hukawia kuirudisha juu. Kwa hiyo programu nzima inapangwa kuanzia kwenye pumzi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa yoga au mtaalamu wa fiziotherapia anayepanga darasa la watu 6 hadi 8, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 12. Wanafunzi ni watu ambao hali zao zimetulia: waliopona mshtuko wa moyo, waliowekewa stenti (kijibomba kinachoushikilia mshipa wa moyo uwe wazi), waliopasuliwa kifua, wenye shinikizo la juu la damu lililodhibitiwa, na wale ambao moyo wao husukuma damu kwa udhaifu lakini hawajalazwa hivi karibuni.

Jua pia unachoweza kuahidi. Nchini India, utafiti wa Yoga-CaRe uliwafuatilia karibu watu 4,000 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo, katika hospitali 24. Nusu walifundishwa yoga katika vipindi 13 ndani ya miezi 3. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliofundishwa yoga walijiona wana afya bora kidogo na walirudia shughuli zao za awali kwa urahisi zaidi, lakini tofauti ya vifo, kiharusi na kurudi hospitali haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Basi usimwambie mtu kwamba yoga itazibua mishipa. Mwambie atapumua vizuri zaidi, atalala vizuri zaidi, na ataacha kuuogopa mwili wake. Hayo yanatosha kumfanya aje.

Hatua ya 1: Karatasi ya daktari

Usimuulize daktari kama mgonjwa "anaruhusiwa kufanya yoga". Daktari mmoja akisikia yoga huwaza kukaa kimya, mwingine huwaza kusimama kwa kichwa, na wote wawili watakujibu kitu kisichokusaidia. Andika maswali yenye majibu mafupi:

- Ugonjwa ni upi hasa, na tukio la mwisho (mshtuko, upasuaji, kulazwa) lilikuwa tarehe gani?
- Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kilionyesha moyo unasukuma damu kwa asilimia ngapi?
- Vali (milango ya damu ndani ya moyo) zikoje? Kuna mshipa mkuu uliovimba?
- Anatumia dawa gani, na saa ngapi?
- Amefanyiwa kipimo cha moyo cha mazoezi? Mapigo yasizidi mangapi kwa dakika?
- Kama ana kishtua moyo kilichopandikizwa (kifaa kinachoupiga moyo shoti mapigo yakivurugika), kimewekwa kuanza kufanya kazi kwenye mapigo mangapi?
- Kuna zuio lolote la kuinua mikono, kuinama au kulala chali?

Wako watu usiowapokea mpaka daktari awatulize kwanza: mwenye maumivu ya kifua yanayomjia akiwa amepumzika au yanayozidi wiki hadi wiki, mwenye maji yanayoongezeka mwilini, mwenye mapigo yanayokwenda ovyo bila kudhibitiwa, mwenye vali ya aota (mshipa mkuu) iliyobana sana na inayomletea dalili, mwenye maambukizi au uvimbe mpya wa moyo, na mwenye damu iliyoganda mapafuni hivi karibuni. Hapa usilegeze hata kwa jamaa yako.

Baada ya kupasuliwa kifua, mfupa wa kidari huhitaji takribani wiki 8 hadi 12 kuunga. Katika kipindi hicho mwanafunzi anaweza kufanya pumzi na mazoezi ya miguu akiwa kitini, lakini hasukumi sakafu kwa mikono, hanyanyui kitu kinachozidi kilo 4 au 5, wala hasokoti kiwiliwili kwa nguvu. Aliyewekewa betri ya moyo (kifaa kinachoongoza mapigo) hainui mkono wa upande huo juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, ili nyaya zisichomoke kabla hazijashika. Mwenye kishtua moyo lazima abaki angalau mapigo 10 chini ya kile kiwango kilichoandikwa. Yakikaribia hapo, kifaa kinaweza kumshtua bila sababu.

Jambo moja linalohusu sana Afrika Mashariki: miongoni mwa wagonjwa wa moyo wa kwetu wamo vijana wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki walipokuwa watoto. Usidanganywe na umri. Vali ya mitrali ikiwa imebana, damu huhitaji muda mrefu kupita kutoka chumba cha juu kwenda cha chini. Mapigo yakienda mbio, muda huo hukatwa, damu hurudi nyuma mapafuni, na binti wa miaka 22 huanza kuhema kabla ya mzee wa miaka 70 aliye kando yake. Kwake yeye mwendo wa polepole ndiyo kinga.

Hatua ya 2: Mahojiano na vipimo vya siku ya kwanza

Tenga dakika 30 kwa kila mtu, faraghani. Karatasi ya daktari inasema moyo ulikuwaje siku ile. Mahojiano yanasema mtu yukoje leo. Uliza kwa lugha ya nyumbani:

"Mama, unalala na mito mingapi?" Aliyekuwa na mmoja na sasa anahitaji mitatu, maji yanampanda mapafuni. Huyo harudi kwako mpaka apitie kliniki.

"Mzee, ukisujudu au ukiinama kufunga viatu, pumzi inakatika?" Kuishiwa pumzi ndani ya nusu dakika ya kuinama ni dalili inayojulikana ya moyo uliochoka. Anayejibu ndiyo hainami mbele katika programu yako, na hilo unaliandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu.

"Ukiamka usiku kwenda msalani, unapepesuka?" Halafu pima. Presha ya kwanza ipimwe baada ya kukaa kimya dakika 5, kisha asimame, upime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mazoezi yake ya kusimama yatafanyika akiwa ameshika kiti, na daktari ajulishwe, kwani huenda dawa zinahitaji kurekebishwa.

Kipimo cha mwisho ni kusimama na kukaa kitini kwa sekunde 30, mikono imefumbatwa kifuani. Hesabu mara ngapi. Namba hiyo itarudi wiki ya 6 na ya 12.

Sasa wagawe. Kundi la kitini ni wenye moyo unaosukuma chini ya asilimia 40, wanaoishiwa pumzi kwa kuinama, waliopasuliwa hivi karibuni, na yeyote ambaye hakufikisha mara 8. Kundi la kitini na kusimama ni wengi waliobaki. Kundi la sakafuni ni dogo sana mwanzoni, pengine hakuna kabisa, na hakuna haja ya kuharakisha: mtu anaweza kumaliza wiki 12 bila kugusa mkeka na akafaidika kikamilifu. Kuna walimu wanaoona kiti kama yoga ya daraja la pili. Mtazamo huo uwekwe mlangoni pamoja na viatu, maana wanafunzi wanausikia kwenye sauti yako na kuanza kujikaza.

Hatua ya 3: Chumba na vifaa

Chumba kiwe na hewa inayopita, na kisiwe na joto linalotoa jasho mtu akiwa amekaa tu. Yoga ya chumba cha moto haina nafasi hapa: joto hutanua mishipa ya ngozi, presha hushuka, maji hupotea. Pwani panga darasa saa 2 au saa 3 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni.

Kiti kiwe cha mbao au chuma chenye miguu minne, kisicho na magurudumu, kimesukumwa mpaka ukutani. Kile cha plastiki kilichozoeleka kwenye sherehe miguu yake hufunguka mtu akiegemea upande mmoja, na juu ya vigae huteleza. Mkeka wa ukindu nao huteleza juu ya vigae. Weka mkeka wa mpira chini yake au uuache. Kwa kila mwanafunzi andaa kanga mbili za kukunja ziwe mto wa kiuno au wa magoti, blanketi moja na mito miwili mikubwa. Pembeni kuwe na mashine ya presha ya mkono yenye mikanda ya saizi mbili (maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa za uongo), mizani, saa yenye mshale wa sekunde, na maji ya kunywa. Wagonjwa wengine wamepimiwa kiasi cha maji kwa siku, usiwashurutishe kunywa.

Hatua ya 4: Lango la kila siku

Kabla ya kila kipindi, kila mtu apite vipimo hivi. Vinachukua dakika 10 kwa kundi zima ukiwa na msaidizi.

Presha iliyo 180 kwa 110 au zaidi baada ya kupumzika na kupima mara mbili: hafanyi, anapelekwa kliniki. Namba ya juu chini ya 90, au chini ya kawaida yake pamoja na kizunguzungu: hafanyi. Mapigo ya kupumzika zaidi ya 100: hafanyi mikao. Uzito ulioongezeka kilo 2 ndani ya siku 3: hayo ni maji, si ugali; hafanyi, na anapigiwa simu daktari siku hiyohiyo. Homa, kuhara, maumivu mapya ya kifua, usiku wa kuhema: arudi nyumbani au aende hospitali.

Uliza pia kama dawa za asubuhi zimemezwa. Wengine huziruka makusudi siku ya darasa, hasa ile ya kutoa maji, wakiogopa kukimbilia msalani mara kwa mara. Suluhisho ni kuwapa ruhusa ya kutoka muda wowote bila kuomba na kuwaweka karibu na mlango. Tangu mlo wa mwisho uwe umepita muda wa saa 2 hivi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji ratiba yake. Kama mtu mwenye moyo uliochoka afunge au asifunge, na dawa zihamie saa gani, ni jambo la daktari wake. Kwa anayefunga, mchana fanya pumzi za kitini peke yake, na mikao isogezwe mpaka upite muda wa saa 2 hivi baada ya futari nyepesi.

Hatua ya 5: Pumzi

Wiki mbili za kwanza pumzi ndiyo sehemu kubwa ya programu. Mwanafunzi anakaa, mgongo umeegemea, mkono mmoja juu ya tumbo. Anapumua kwa pua kama kawaida kwa dakika 2, nawe unahesabu kimya ni pumzi ngapi kwa dakika. Ukikuta 14, una pa kuanzia. Ukikuta 24, usimlazimishe kushuka. Moyo uliochoka hupumua haraka kwa sababu, na kumvuta ghafla kutamletea kiu ya hewa na hofu.

Anza kwa kuvuta hesabu 3 na kutoa hesabu 3. Ikiwa shwari kwa dakika 3, toa kwa hesabu 4. Baada ya wiki kadhaa nenda 3 kwa 5, na mwisho 4 kwa 6. Hesabu 10 za sekunde moja moja zinamaanisha pumzi 6 kwa dakika, na kwenye kiwango hicho mawimbi ya pumzi na mawimbi ya presha huenda pamoja, mishipa ya shingo inayopima presha huwa makini zaidi, na moyo hutulia. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra za yoga (maneno yanayorudiwarudiwa) vyote huishusha pumzi karibu na 6 kwa dakika. Hilo ni faida kwa darasa la kwetu. Asiyetaka kutamka "Om" halazimiki. Ahesabu, avume "mmm" kwa midomo iliyofumbwa, au afuate dhikri au sala yake kimoyomoyo. Mfumo wa neva unafuata urefu wa pumzi ya kutoka.

Yafuatayo usiyafundishe kabisa kwa kundi hili: kubana pumzi kwa hesabu yoyote, kapalabhati na bhastrika zenye kusukuma tumbo kwa kasi, na kufunga koo au nyonga huku pumzi imesimama. Pumzi ya pua mbadala, ya kupumua kwa tundu moja la pua baada ya jingine, inafaa, ila mkono ulioinuliwa usoni huchoka; egemeza kiwiko juu ya mto.

Hapa Kiswahili chetu chenyewe kina mtego. Ukisema "shikilia", ukimaanisha mkao, nusu ya darasa itashikilia pumzi. Ukisema "kaza tumbo", wote watabana. Badilisha maneno: "kaa hapohapo, pumzi iendelee". Na kila mkao unaozidi pumzi moja, waambie wahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na anayeshindwa kufikisha kumi bila kuvuta hewa katikati amevuka kiwango chake.

Hatua ya 6: Mikao

Kipime kiasi cha kazi kwa hisia ya mwanafunzi, kutoka 0 mpaka 10: 0 ni kupumzika, 10 ni kushindwa kabisa. Wiki za mwanzo abaki kwenye 2 au 3. Baadaye asizidi 4. Mapigo pekee hayatoshi, kwa kuwa dawa kama atenolol, bisoprolol na carvedilol huyazuia kupanda hata mtu akiwa amechoka hoi, na mwenye mapigo yasiyo na mpangilio huwezi kumhesabia kwa sekunde 15 ukapata namba ya kweli. Mhesabie dakika nzima. Ambaye hakufanyiwa kipimo cha mazoezi asizidi mapigo 20 juu ya yale ya kupumzika katika mwezi wa kwanza.

Kitini, mfuatano wa dakika 12 hivi ni huu. Kuinua visigino na kisha vidole vya miguu, mara 15, ili misuli ya mashavu ya miguu isukume damu juu kabla ya chochote kingine. Kunyoosha goti moja moja, mara 6 kila mguu, pumzi ikitoka mguu unapopanda. Kuzungusha mabega mara 5 mbele na 5 nyuma. Mgongo wa paka na ng'ombe (kuukunja mgongo kisha kuunyoosha nyuma), mikono mapajani, mara 6. Mikono kupanda pembeni mpaka usawa wa bega pumzi ikiingia, kushuka ikitoka, mara 6. Kusokota kiwiliwili kidogo, pumzi 3 kila upande, kidari kikiongoza badala ya mikono kuvuta.

Mikono juu ya kichwa inastahili tahadhari yake. Misuli midogo ya mabega ikifanya kazi juu ya usawa wa moyo hupandisha presha na mapigo kuliko miguu inayofanya kazi ileile. Wiki 4 za kwanza iishie begani. Baadaye ipande kwa pumzi 2 tu na ishuke.

Wa kusimama wanaongeza haya, kiti kikiwa mbele yao: kusimama na kukaa mara 5, pumzi ikitoka wakati wa kunyanyuka, sekunde 2 za kutulia kila juu. Mlima, yaani kusimama wima, mgongo ukutani, pumzi 5. Shujaa wa pili kwa hatua fupi, goti limepinda kidogo tu, mikono kiunoni, pumzi 3 kila upande. Hatua ndefu na goti lililopinda sana hukaza paja muda mrefu na kupandisha presha bila faida. Mti, vidole vya mguu vikigusa sakafu, mkono mmoja kitini, sekunde 15. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiachie kiti, kwa kuwa kuanguka kwake kunaweza kuleta damu ya ndani. Mbwa wa ukutani: viganja ukutani usawa wa bega, nyonga zirudi nyuma mpaka mikono inyooke, kichwa kibaki kati ya mikono na kisishuke chini ya moyo.

Baina ya mkao na mkao weka pumzi 3 za kupumzika. Usizikate kwa sababu muda umekwisha. Punguza mkao mmoja.

Usiweke kusimama kwa mabega au kichwa, wala jembe (kulala chali na kupitisha miguu nyuma ya kichwa). Ubao (kunyooka kwa mikono na vidole vya miguu) na chaturanga (ubao huo viwiko vikiwa vimepinda) ni kukaza misuli bila mwendo, kunakopandisha presha kwa kila sekunde inayoongezeka. Hata miguu juu ya ukuta, ambayo wengi huiona pumziko, humrudishia moyo uliochoka damu nyingi kwa mara moja. Kwa wenye moyo unaoshindwa iache. Mkao wa daraja (kulala chali, magoti yamepinda, nyonga zikiinuliwa kidogo) unaweza kuingia baada ya wiki 6 kwa aliye imara, pumzi 3 tu.

Hatua ya 7: Pumziko na kuinuka

Dakika 10 za mwisho hazipunguzwi. Mishipa bado imetanuka kwa mazoezi, na presha hushuka zaidi dakika chache baada ya kusimamisha kazi.

Savasana, pumziko la kulala chali bapa, haiwafai wote. Mwenye moyo uliochoka akilala bapa, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kifuani na kikohozi kikavu huanza. Ukisikia kikohozi hicho, mkalishe mara moja, usingoje kipindi kiishe. Kwake tengeneza mwinuko: kiti kimepinduliwa sakafuni, mto juu ya mgongo wa kiti hicho, kiwiliwili kimeinuka nyuzi 30 hadi 45, kanga iliyokunjwa chini ya magoti. Au abaki kitini, miguu chini. Blanketi juu, sauti yako ndogo, uangalie nyuso.

Kuinuka kufundishwe kama mkao unaojitegemea, kwa hatua zilezile kila siku mpaka ziwe mazoea ya kitandani pia. Kwanza kunja na kunjua vidole na visigino mara 10. Geukia upande, kaa hapo pumzi 3. Jisukume kwa mkono mpaka kukaa, pumzi 5. Shika kiti, goti moja mbele, panda ukae juu yake kwa dakika 1. Kisha simama, ukibaki umegusa kiti, hesabu mpaka 20 kabla ya hatua ya kwanza. Ambaye kidari chake hakijaunga hajisukumi kwa mkono mmoja. Huyo hajashuka sakafuni tangu mwanzo.

Pima presha tena, na mtu asitoke chumbani kabla ya dakika 15 kupita. Chai isiyo na sukari nyingi huwafanya wabaki bila kulazimishwa.

Hatua ya 8: Wiki 12

Wiki ya 1 na 2: dakika 25, pumzi na mfuatano wa kitini nusu yake. Wiki ya 3 hadi 6: dakika 40, mfuatano kamili wa kitini, kusimama na kukaa, mlima. Rudia vipimo. Wiki ya 7 hadi 12: dakika 50 hadi 60, mikao ya kusimama kwa wanaoweza, pumzi ya 4 kwa 6 kwa dakika 8. Ongeza kitu kimoja tu kwa wiki: ama muda, ama mkao, ama marudio. Ukiongeza vitatu na mtu akachoka, hutajua kilichomchosha. Aliyekosa wiki mbili arudi hatua moja nyuma, na aliyelazwa aanze upya na karatasi mpya ya daktari. Vivyo hivyo kwa aliyebadilishiwa dawa: kipindi chake cha kwanza baada ya badiliko kiwe cha kitini.

Nyumbani afanye dakika 10 za pumzi kila siku, pamoja na kutembea kama kliniki ilivyomwelekeza, maana yoga ya polepole hivi haichukui nafasi ya kutembea. Jambo linaloharibu kazi nzima ni mwanafunzi kujisikia vizuri wiki ya 5 na kuacha dawa. Mwambie mapema, mbele ya wote, kwamba presha nzuri anayoiona ni ya dawa na mazoezi pamoja, na kwamba kuacha ghafla dawa za kupunguza mapigo kunaweza kuleta maumivu ya kifua au mshtuko.

Dharura

Kabla ya siku ya kwanza ujue hospitali iliyo karibu inayopokea dharura za moyo, namba ya gari la wagonjwa linalofika kweli, na nani atalipokea getini. Fanyeni jaribio na msaidizi wako.

Maumivu ya kifua, kubanwa taya au mkono, jasho la baridi: simamisha, mkalishe, atumie dawa yake ya chini ya ulimi kama aliandikiwa, akiwa amekaa kwa sababu hushusha presha. Kabla hajaitumia, uliza kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku mbili zilizopita. Kama ndiyo, dawa ya chini ya ulimi asipewe. Yasipopungua ndani ya dakika 5, mnaondoka kwenda hospitali.

Kizunguzungu: mlaze, inua miguu, isipokuwa kama anahema, anayehema hukalishwa. Kishtua moyo kikimpiga mara moja naye akawa sawa, akae na daktari wake apigiwe. Kikipiga mara mbili au akawa hajisikii vizuri, ni dharura. Kumgusa wakati huo hakukudhuru.

Akizirai, haitiki na hapumui kawaida: mmoja anapiga simu, mwingine anaanza kukandamiza kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita mpaka msaada ufike. Kama hujawahi kufundishwa kwa vitendo, jifunze kabla ya kufungua darasa. Bila hiyo, darasa lisifunguliwe.

Kila kipindi kiandikwe kwenye kadi ya mwanafunzi: presha kabla na baada, mapigo, uzito, kiwango cha juhudi, na neno moja la alivyojisikia. Wiki ya 12 nakala ya kadi hiyo aipeleke kliniki pamoja na vipimo vya kusimama na kukaa. Daktari aliyeona namba za presha za vipindi 24 zilizopimwa kwa utulivu ana cha kufanyia kazi, iwe ni kupunguza dozi, kuiongeza au kuiacha kama ilivyo.